Dawa ya Jua Katika Chumba cha Brashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Mlima Sagalla bado ni kivuli cheusi, na Katunge Muinde amekwisha kujifunga. Leso ya kwanza kichwani. Ya pili puani na mdomoni, fundo nyuma ya shingo. Shati la mikono mirefu, soksi, aproni ya gunia. Kinachoonekana ni macho tu.

Mashine ya kupigia nyuzi brashi inaunguruma. Anashika fungu la nyuzi kavu za mkonge, analipeleka kwenye meno yanayozunguka, analivuta likiwa limenyooka na kung'aa kama nywele zilizochanwa. Kila anapovuta, vumbi jeupe linapanda. Anasimama kidogo, anasikiliza kifua chake, kisha anachukua fungu lingine.

"Siku hizi nakisikiliza kama mtoto mchanga aliyelala," anasema. "Kikinyamaza naogopa. Kikipiga filimbi naogopa zaidi."

Katunge, mwenye umri wa miaka 56, alitoka Kibwezi, Ukambani. Amefanya kazi katika kiwanda hiki cha mkonge, nje ya mji wa Voi, kwa miaka 22. Anaingia jua halijapanda, anatoka linapozama. Nyumbani hupikia kuni ndani, maana nje upepo hauachi moto uwake.

Miaka minne iliyopita aliambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule usiopona bali hutulizwa. Kinachomtuliza ni pampu ya kuvuta mdomoni, asubuhi na jioni.

Tabu ni pale ugonjwa unapochachamaa. Mwaka jana ulichachamaa mara tatu, na mara mbili alilazwa akiwekewa oksijeni.

"Ni kama mtu amekukalia kifuani," anasema, "na huyo mtu hana haraka ya kuondoka."

Alipolazwa mara ya pili, Phineas Mwandawiro, mhudumu wa kliniki ya kifua, aliagiza damu yake ipimwe vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza ngozi ikipigwa na jua. Ilikuwa tisa. Mwandawiro alitaka kuona ishirini kwenda juu.

Katunge alicheka hadi akakohoa. "Nikamwambia, daktari, Voi hii? Hapa hata mbuzi wanagombania kivuli. Mimi nikose jua?"

"Jua lipo, mama," Mwandawiro alimjibu. "Wewe ndiye haupo juani."

Akampa vidonge vya kumeza, kimoja kila Jumapili. Akamweleza kwamba kwa mgonjwa ambaye vitamini hiyo imeshuka sana, kuirudisha kunaweza kupunguza huko kuchachamaa. Hakuponyi mapafu, na pampu isiachwe.

Lakini chumba cha brashi kina desturi yake. Wanawake wanane wanaofanya kazi humo hugawana kila kitu. Chupa moja ya chai huzunguka, kiazi kitamu hukatwa sawasawa, hata Panadol huvunjwa katikati. Na karibu wote wanakohoa.

"Mama Kimeu, hiyo dawa ya jua unaificha ya nini?" aliuliza Branice, akimwita Katunge kwa jina la mwanawe. Branice ni mama wa miaka 34 kutoka Vihiga, anayesimama kwenye mashine inayofuata. "Ama jua ni la Wakamba peke yao?"

Wakacheka wote. Katunge akagawa. Pakiti ilikuwa na vidonge vinane. Yeye mwenyewe akameza kimoja.

Baridi ya Juni mwaka huu ilipoingia, mafua madogo tu yalimwangusha. Akarudi wodini, akarudi kwenye oksijeni. Mwandawiro akamuuliza kama vidonge alivimaliza.

"Nikasema, tulivimaliza," Katunge anakumbuka. "Akanitazama. Akaniuliza, mlivimaliza na nani?"

Hakumfokea. Alimweleza polepole kwamba mtu mwenye vitamini ya kutosha hapati nafuu yoyote ya kifua kwa kuongezewa, na kati ya wale saba hakuna hata mmoja aliyepimwa.

"Kumbe mimi nilijinyima," anasema, "na wao sijui kama niliwapa chochote."

Sasa ana pakiti mpya, na haji nayo kazini. Msimamizi amekubali kumhamishia uwanja wa kuanikia nyuzi, huko nje, nafasi ikipatikana. Neno hilo "ikipatikana" ndilo linalomkosesha usingizi, kwa sababu baridi bado ipo na vumbi ni la kila siku.

Wakati wa chai, Branice ameegemea marobota. Kikohozi chake ni kikavu, kirefu.

"Kimoja tu, Mama Kimeu. Wiki hii sijalala."

"Sina cha kukupa."

"Umekuwa mchoyo siku hizi."

"Niite utakavyo. Alhamisi nina kliniki. Twende wakusikilize kifua."

Branice anatupa jicho mlangoni, anashusha sauti. "Nikiandikiwa ugonjwa wa mapafu, hawa si watanitoa? Watoto wangu watatu watakula nini?"

"Na ukianguka hapo kwenye meno ya mashine, watakula nini?"

Branice anainuka kwenye marobota. Anajifunga leso usoni, anarudi kazini.

Katunge anamsindikiza kwa macho. Anasema amekwisha kumwomba msimamizi ruhusa ya Alhamisi, ya watu wawili. Mwenzake bado hajui.

"Nitamgongea mlango asubuhi," anasema. "Akikataa, nitaketi pale pale kizingitini mpaka atoke. Pumzi ya kumkimbiza sina. Ya kumngoja ninayo."