Seng'enge Iliyoniangukia Mguuni

Miaka ile Kitengela ilijengwa kwa haraka, kama mtu anayevaa nguo huku akikimbia. Kila aliyenunua ploti alitaka kuizungushia seng'enge kabla jirani hajasogeza mpaka, na wengi waliinunua katika duka la hadiwea nilimokuwa nikifanya kazi. Mwenye duka alikuwa mwanamke Msomali aliyetoka Garissa. Wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na mwanamume mmoja mpakiaji, na mwenye duka sote tulimwita Mama.

Niliumia mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nikishusha roli ya seng'enge iliyopangwa juu ya nyingine, kama nilivyozoea. Ya chini ikateleza, ya juu ikanishukia mguuni. Sikulia. Niliketi kwenye gunia la simiti nikautazama ule mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mpakiaji alitaka kunivua kiatu. Mama akamzuia.

"Wacha hivyo. Usivute kitu. Daktari atavua."

Aliwaomba wateja watoke, akaagiza zile roli zisiguswe, zibaki zilivyoanguka, kisha akafunga duka mchana kweupe. Sikuwahi kuona duka lile likifungwa mchana, hata siku barabara ilipogeuka mto.

Hospitalini, tukingoja kupigwa picha, mpakiaji aliniinamia sikioni. "Sema ulianguka nyumbani. Ukisema ni kazini, Mama ataingia kwa shida, na wewe utapoteza kazi."

Alikuwa na nia njema, na nilikuwa karibu kukubali. Lakini Mama aliketi benchi la nyuma yetu, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Ameumia wapi?" akamuuliza.

Mpakiaji akainama kufunga kamba za kiatu.

"Ameumia kwa duka yangu, akibeba mali yangu. Basi tutasema hivyo. Niko na njaa na kiu tangu alfajiri, na wewe unataka uniongezee na uongo?"

Nikacheka. Mguu ukauma, nikacheka tena.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Nilifungwa plasta hadi karibu na goti, nikalala hospitalini, na siku iliyofuata Mama alikuja na pikapu yake anipeleke kwa wazazi wangu, upande wa Bisil, nipone nikiwa kwetu. Nilimwambia gari la abiria lingetosha. Akasema mtoto wa watu akiumia kwako humtumi kama kifurushi. Unaenda naye, uulizwe, ujibu.

Kajiado tulisimama kwenye ofisi ya leba, ya mambo ya wafanyakazi, tuandikishe ajali. Ngazi zilinishinda, kwa hiyo afisa alitoka mwenyewe hadi kwenye pikapu. Aliniuliza ilivyokuwa, akamuuliza na Mama, na Mama akasema yale yale niliyosema. Afisa alitutazama kama watu waliomletea zawadi. Alisema wengi humfikia miezi imeshapita, mwajiri na lake, mfanyakazi na lake, na aliyeona ajali ameshahama mji.

"Nyinyi mmekuja kidonda kikiwa kibichi," akasema. Akaniagiza nitunze karatasi zote za hospitali, na nisirudi kazini mpaka daktari aniruhusu, hata nikijiona nimepona.

Tulifika nyumbani alasiri. Mama yangu alipoiona plasta alishika kichwa, lakini mgeni ni mgeni, alimsalimia kwanza kwa Kimaa. "Takwenya."

"Iko," Mama akaitikia vizuri kabisa, maana salamu hiyo alikuwa amejifunza kwa wateja.

Akaletewa maziwa katika kibuyu. Akayapokea kwa mikono miwili, akayaweka magotini, hakunywa. Uso wa mama yangu ukabadilika. Akaniuliza kwa Kimaa, "Huyu amekuja kukufukuza kazi? Mbona anakataa maziwa yangu?"

Nikatafsiri. Mama akashtuka. "Mwambie sijakataa. Nimefunga. Mwambie nitangoja jua lizame, na nitayanywa hapa hapa, yote."

Kwetu hakuna aliyewahi kufunga Ramadhani, lakini jua tulilijua. Baba akasimama nje akiegemea fimbo, akatangaza kwamba kazi hiyo ni yake. Wakati wa kungoja, Mama aliwaeleza yote: roli ilivyoteleza, kwamba mshahara wangu utaendelea, kwamba kazi yangu haitapewa mtu mwingine. Kila baada ya muda alichungulia nje.

"Limezama?"

"Bado," baba akajibu. "Limeketi tu. Halijalala."

Lilipolala, baba alikuja mlangoni akasema kwa upole, "Sasa kunywa, mtoto wangu." Mama alikuwa na wajukuu. Alikunywa kibuyu chote, na mama yangu akapiga makofi.

Siku ya Idi, nikiwa bado kwenye magongo, mama yangu alipanda lori la mifugo hadi Kitengela na mbuzi jike mweusi. Mama alipotaka kuita mchinjaji, mama yangu alimzuia: huyo hakuwa wa kuliwa, alikuwa wa kuzaa. Tena akasema tangu siku hiyo wasiitane kwa majina. Kwetu watu waliopeana mbuzi huitana Pakine.

Nilijaribu kurudi kazini mapema, na Mama akanirudisha nyumbani bila mjadala. Daktari aliporuhusu, nilianzia kwenye kiti, nikipokea wateja. Roli zilikuwa zimepangwa chini sakafuni na kuzuiwa kwa kabari za mbao, na mpakiaji alinionyesha kwa fahari glavu nene na buti ngumu tulizonunuliwa. Yule mbuzi naye alikuwa amehamia nyuma ya duka, akila karatasi za mifuko ya simiti, na mpakiaji alimwogopa.

Simu za mkononi zilipofika kwetu, mama yangu alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao, kisha anapiga dukani. Siku moja Mama aliniita nisikilize.

"Pakine," sauti ilisema kwa nguvu, "mbuzi amezaa?"

"Amezaa mapacha, Pakine."

Wakacheka wote wawili, wakaongea juu ya mvua na wajukuu, kwa Kimaa ambacho Mama alikuwa ameshakizoea dukani, mpaka salio likaisha. Mimi hakuna aliyeniulizia.