Nukta Tatu kwenye Mkono wa Stelingi

Muuza vyuma chakavu akisema "kutu ya juu tu", mimi hurudi hatua moja nyuma. Huyu wa mjini Tabora alisema hivyo mara mbili kabla sijauliza kitu. Zote mbili nilizihesabu.

Nilikuwa nimemwamkia vizuri, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, kisha tukaanza kuviziana. Nilitaka mkono wa stelingi, kile chuma kifupi kinachogeuza tairi ya mbele. Kila upande una wake. Wa kushoto wa pikapu yangu ulipinda nilipogonga kisiki, na Jumamosi nilipaswa kumpeleka mama yangu kijijini Ziba kwa dada yake anayeumwa. Chuma hicho kikikatika njiani, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Na kutu huficha ufa vizuri kuliko rangi.

"Basi nikisugue hapa hapa nione," nikasema.

"Ukisugua, umenunua."

"Na nisiposugua?"

"Utakuwa hujanunua, na gari lako bovu."

Mwishowe tukakubaliana nikakiloweke kwangu Ipuli siku mbili, baiskeli yangu ibaki kwake rehani. Akakipiga picha kwa simu, mbele na nyuma. Hakuridhika. Akachukua nyundo na msumari mgumu, akapigilia nukta tatu karibu na ncha.

"Kinaondoka changu," akasema, "kirudi changu."

Nyumbani mama akanipa ukwaju, ambao uchachu wake hula kutu, nikauvuruga kwa maji moto kwenye ndoo iliyokuwa ya asali. Kwa kuwa gari lilishapandishwa juu ya mawe, nikafungua na mkono wa kulia, ambao sikuwa na wasiwasi nao, nikautumbukiza pia ili yote miwili itoke safi.

Kesho yake asubuhi mzee huyo mlangoni, juu ya baiskeli yangu. Akaingiza vidole kwenye ndoo, akapapasa nukta, akaondoka. Jioni akarudi. Mama akatutazama kwa zamu.

"Chuma hicho mnakilinda kama mahari."

Siku ya pili nikaitoa mikono yote, nikaisugua kwa brashi ya waya hadi ikawa ya kijivu, mzee amekaa kwenye kigoda hapepesi jicho. Nikaipaka mafuta ya taa, nikangoja, nikaifuta ikakauka kabisa, kisha nikainyunyizia unga wa muhogo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi juu na kulowesha unga.

Mmoja ukabaki mweupe. Kwenye wa pili, karibu na tundu la bolti, ukajichora mstari mwembamba wa unyevu, urefu wa ukucha.

"Mzee," nikasema, kwa sauti niliyoiandaa tangu juzi, "kutu ya juu tu, eeh?"

Akauokota ule mkono, akafuta unga kwa kidole gumba, akanikabidhi.

"Hesabu nukta."

Hapakuwa na nukta. Nikahesabu tena.

Huo ndio mkono wangu wa kulia, uliokuwa garini nikimpeleka mama kanisani kila Jumapili, huku nikimwambia asiwe na hofu, gari nalijua mwenyewe.

"Wa kulia unao?" nikauliza.

"Ninao. Una kutu ya juu tu."

Mama alikuwa ameshasogeza ukwaju uliobaki. "Loweka na huo," akasema. "Nitampigia dada yangu, nimwambie Jumatatu."

Mzee akaondoka kuufuata, juu ya baiskeli yangu. Siku hiyo sikuidai.