Penalti Iliyorudiwa

Mume wangu ni kipa. Kazi inayotulisha ni kupima majani ya chai pale kituoni Ikonge, lakini ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia ni kipa. Amedakia timu ya soko letu tangu akiwa kijana wa shule, na katika miaka yote hiyo baba yake hakuwahi kwenda kumtazama hata mara moja. Jumamosi ni Sabato, hilo linaeleweka. Lakini hata mechi zilipohamia Jumapili, mzee alisema hana haja ya kuona watu wazima wakigombania upepo uliofungwa ndani ya ngozi.

Mume wangu husimulia hayo akicheka, nami sikuwahi kudanganyika na kicheko hicho. Baada ya kila mechi hupitia kwanza kwa baba yake, matope yakiwa bado magotini, anasimama mlangoni, anasalimia, kisha anangoja kidogo kuulizwa mambo yalikuwaje. Mzee humuuliza kama ng'ombe amenyweshwa maji.

Aliyembadilisha mzee ni mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha miaka miwili. Tulimpa jina la marehemu baba wa mzee, na kwa desturi ya hapa mzee humwita Tata, yaani baba. Hasemi hivyo kwa mzaha. Tata akitaka kiti, mzee anasimama. Tata akitupa uji chini, mzee anasema labda uji haukuiva. Mimi nimetoka upande wa ziwa, na nilipoolewa hapa nilidhani huu ni utani wa babu na mjukuu. Siku hizi najua kwamba mkubwa wa boma letu hulala na nepi.

Basi Jumapili moja baada ya chakula, Tata akamwona baba yake akitia glavu kwenye mfuko. Akashika mlango, akalia, "Mpira! Mpira!"

Mzee akaweka kikombe chini. "Tata amesema twende mpira," akatangaza, akaingia ndani kuchukua koti na kofia ya kanisani.

Mume wangu aliniita nyuma ya jiko. "Hakikisha ameona," akaniambia. "Hata nikidaka mmoja tu. Hakikisha ameuona."

Nikaahidi, maana ahadi ni rahisi ukiwa nyuma ya jiko. Nilikuwa nimesahau chinsoni, ile heshima ya hapa kati ya mke na baba wa mumewe. Mimi na mzee hatuketi pamoja, hatugusani, wala hatupeani kitu mkono kwa mkono. Nikitaka kumpa mtoto, namweka chini, narudi nyuma, ndipo mzee anamwokota. Naye akitaka kunirudishia, hufanya vivyo hivyo. Mbele za watu hata maneno hatupeani. Tunayapitisha kwa mtoto. Nyumbani mambo haya huenda vizuri sana, kwa sababu nyumbani kuna ua uliofungwa.

Uwanja wa shule ulikuwa umelowa, na wageni walikuwa timu ya Nyamarambe. Tata alichagua mahali pa kukaa: katikati ya mashabiki wa wageni, karibu na lango moja, kwa sababu pale palikuwa na jamaa mwenye vuvuzela ya manjano. Nilimwambia mtoto, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wetu wako upande ule mwingine. Mzee akamjibu mtoto kwamba Tata akishakaa amekaa. Tukaketi, mimi huku na mzee kule, na katikati yetu nafasi ya kutosha mtu mmoja mnene. Watu walikuwa wakija kuiziba, nami nikiwafukuza kama kuku.

"Tata," mzee akaanza, "uliza mama yako, huyu mtoto wetu mbona hakimbii? Ni mgonjwa?"

"Mwambie babu, kipa anakaa golini," nikamwambia mtoto, ambaye alikuwa anakula nyasi.

"Tata, na mbona yeye peke yake anashika kwa mkono? Wanamwona?"

"Mwambie babu ameruhusiwa."

Mzee akatikisa kichwa kwa mashaka. Ilionekana wazi kwamba kumlea mtoto mpaka aruhusiwe kitu ambacho wenzake wote wamekatazwa si jambo la kujivunia.

Kipindi cha kwanza kikaisha bila mpira hata mmoja kumfikia mume wangu. Cha pili kikaanza, timu zikabadilishana pande, naye akaja kusimama kwenye lango lililo karibu nasi. Sikumbuki nani alimwangusha nani, ila refa akapuliza filimbi na kuonyesha penalti dhidi yetu. Kama mzee ataona kitu maishani mwake, nikasema, ni hiki.

Hapo ndipo Tata, aliyekuwa mapajani mwa mzee, alipotangaza kwamba anataka kukojoa.

Mwanamke mwingine yeyote angenyoosha mikono ampokee mtoto. Mzee, mtu wa heshima zake, akamweka chini na kurudi nyuma. Nami, mke wa heshima zangu, nikangoja arudi nyuma. Katika kungojeana huko, Tata akashusha suruali na kuondoka mbio kuelekea kwa baba yake. Kiatu kimoja kikabaki kimezama kwenye matope.

Nikakimbia. Nilikimbia mbele ya baba mkwe wangu nimeshika leso kwa meno, jambo ambalo sijui nitalieleza vipi siku ya hukumu. Mpigaji alikuwa ameshaanza kuja, akapiga. Na mume wangu akaruka, mwili mzima umenyooka hewani, akaupangua mpira kwa ncha za vidole mpaka nje. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Ikonge yote ikanguruma. Nikageuka kumtazama mzee.

Mzee alikuwa ameinama, mkono umeingia kwenye matope mpaka kwenye kiwiko, akitafuta kiatu cha baba yake.

Tata naye alikuwa ndani ya kisanduku, anakojolea mlingoti wa goli. Refa akapuliza filimbi, akasema penalti irudiwe, kuna mtu ameingia uwanjani.

"Huyo si mtu," kapteni wetu akateta. "Huyo ni mtoto."

"Ni mtoto wa nani?"

"Wa kipa."

"Basi ni wa timu yenu. Irudiwe."

"Refa, huyo amezaliwa hospitali ya Keumbu, si kwetu wala si kwao. Hana upande."

Refa akaurudisha mpira kwenye alama. Nilimbeba mtoto chini ya kwapa, suruali ikiwa bado magotini, na tukapishana na mume wangu. Hakunitazama mimi. Alikuwa akitazama pale pembeni, na safari hii baba yake alikuwa amesimama wima, kiatu mkononi, macho kwake.

Nadhani ndiyo sababu aliruka mapema. Aliruka kulia kwa nguvu zake zote, mpira ukapita polepole kushoto. Goli.

Wageni wakalipuka. Vuvuzela ikalia, watu wakarukaruka, jamaa nisiyemjua akamkumbatia mzee. Mzee akatazama huku na huku akiona furaha yote ile, kisha akamtazama mwanawe aliyelala kwenye matope, na uso wake ukafunguka kabisa. Akaanza kupiga makofi. Alipiga kwa kile kiatu, kikigonga kiganja na kurusha tope, machozi yamemlengalenga. Mume wangu aliinua kichwa akamwona. Alibaki amelala vile vile, akimtazama baba yake akimshangilia.

Tulipoteza kwa goli hilo moja. Tukirudi nyumbani kwenye njia ya katikati ya michai, mzee akitangulia na mtoto mabegani, sikuweza kuvumilia. "Tata," nikaita, "mwambie babu kwamba ile ya kwanza, alipokuwa anatafuta kiatu..."

Mume wangu akanishika mkono. "Wacha," akasema.

Mzee akasimama, akamngoja mwanawe afike. "Nilikuwa sijui," akamwambia. "Watu wote wamefurahi kwa sababu yako. Hata wageni. Jumapili ingine nitakuja. Uwafurahishe tena hivyo hivyo."

Mume wangu alitazama chini kidogo.

"Nitajaribu, baba," akasema.