Nilivyomwombea kwa Sauti

Wakati wa vita nilipewa wasichana wa kanisa letu niwaongoze, nami niliipokea kazi hiyo kwa kiburi ambacho mpaka leo kinanitia haya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya misheni hapa kisiwani Mombasa, nina viatu vya kamba na daftari la mahudhurio. Nilidhani Mungu amenichagua kwa sababu ya hati yangu nzuri.

Kusema kweli, sikupewa peke yangu. Kikundi kilikuwa cha mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyekilea tangu mimi sijazaliwa, na wazee wa kanisa waliniweka chini yake nijifunze. Alipanga chumba cha chini katika nyumba ya Waislamu huko Mji wa Kale, na wenye nyumba walimwita dada. Sisi tulimwita Mama, basi. Namna yake ya kulea vijana ilinichosha. Hakuwa na ratiba wala daftari. Jumamosi alasiri, wasichana wakishasoma Injili na kuimba, alimchukua mmoja wao nyumbani kwake, akampa uteo wa mchele, yeye akashika mwingine, wakakaa mkekani wakitoa mawe mpaka jua linashuka. Vita vilipoufanya mchele kuwa adimu, wakachagua mbaazi.

"Mama," nilimwuliza siku moja, "na kazi ya kanisa tutaifanya lini?"

Alicheka mpaka tambuu ikataka kumtoka. "Mwanangu, mtu hasemi akitazamwa. Mpe kazi ya mikono, atasema mwenyewe."

Niliona ni mambo ya wazee. Kwangu mimi kikundi kilihitaji mwenyekiti, karani na maombi marefu.

Halafu ndugu yake akaugua Rabai, naye akaenda kumwuguza. Aliniachia wasichana kwa majuma matatu. Alikuwa keshasimama mlangoni na furushi lake aliponiambia, "Msichana akikupa siri yake, ilale kwako siku tatu kabla hujaifanyia lolote. Hata kama wadhani wamsaidia." Nikaitikia haraka haraka, maana nilitaka aondoke nianze kazi.

Siri ilikuja juma la pili, siku ya Alhamisi. Msichana mmoja wa kikundi alinisubiri nje ya shule. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi, kwao Kaloleni, akifanya kazi ya uyaya Ganjoni na kulala kwa shangazi yake Bondeni. Aliniambia kwamba baba yake amekwisha kunywa tembo la mnazi la posa. Kwao, baba akishalinywa tembo hilo, binti amekwenda. Yaliyobaki ni kupanga siku. Mwenye kulipeleka tembo alikuwa mzee mwenye wake wawili. Lakini msichana naye alikuwa amejitafutia njia. Hospitali moja ilikuwa imemkubali ajifunze uuguzi, pamoja na mahali pa kulala, aanze Jumatatu. Akishakuwa ndani, amevaa sare, angemwandikia baba yake barua ya heshima. Pengine baba angekubali, pengine hapana, lakini angekuwa anazungumza na mtu aliyekwisha kuanza kazi.

"Mtu asijue, Dada, mpaka Jumatatu."

Nilimshika mikono. Nilimwambia Mungu yuko.

Usiku ule na uliofuata sikupata usingizi kwa furaha. Naam, furaha, nisijisafishe. Kwa mara ya kwanza msichana alikuwa ameniletea mimi jambo zito, mimi, si Mama na uteo wake. Na nilijiambia kwamba kuomba si kusema. Jambo likiombewa na wengi lina nguvu kuliko likiombewa na mmoja. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha.

Jumamosi nikawasimamisha wote kumi na mmoja, tukafumba macho, nikaomba kwa sauti. Nilimwomba Bwana amwangalie binti yake mmoja ambaye baba yake amekunywa tembo la mzee asiyempenda, aulainishe moyo wa shangazi anayemlaza, amfungulie mlango wa Jumatatu. Jina sikulitaja. Nilikuwa mwangalifu sana kwa jina. Lakini kati ya wasichana kumi na mmoja, aliyelala kwa shangazi alikuwa mmoja tu, na nilipofumbua macho wote walikuwa wanamtazama. Yeye aliangalia sakafu. Waliitikia Amina kubwa, wengine wanalia, nami nikarudi nyumbani nikiona ule ndio mkutano bora tuliowahi kuwa nao.

Ingekuwa kuna mtu mbaya katika habari hii ningemchukia nikapumua. Hakuna. Jumapili baada ya ibada msichana mmoja, mpole kuliko wote, alikaanga vitumbua akampelekea yule shangazi Bondeni. Akapiga magoti akamwambia, "Shangazi, tunakuombea moyo wako ulainike." Alikwenda kwa upendo. Shangazi akala kitumbua kimoja, akauliza maswali mawili matatu, akashukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Kisha akamtuma kijana wa jirani na basi la kwenda bara.

Jumatatu nilipotoka darasani niliambiwa msichana hakufika hospitali. Nilikwenda Bondeni mbio, daftari mkononi, sijui nililibebea nini. Barazani kwa shangazi nilimkuta baba yake na baba yake mdogo wamekaa, miguu ina vumbi la safari. Nikaamkia. Wakaitikia vizuri. Nikaanza kusema, na nilisema mengi, juu ya hospitali, juu ya nyakati mpya, juu ya hiari ya mtu. Baba mdogo alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mwalimu wake wa kanisani."

"Haya, Mwalimu. Karibu ukae."

Wakaniletea maji. Ndiyo niliyopata: maji, na mahali pa kukaa. Nilikuwa sina mume, sina mtoto, si ukoo wao, sijui hata mama wa msichana anaitwaje. Mchungaji alikuwa safarini huko Taita. Nilikaa na bilauri mkononi, nikimngoja Bwana atende kitu, na msichana akatoka ndani na mzigo wake. Akaniamkia kama anavyoamkiwa mgeni yeyote. Wakaondoka. Nikarudisha bilauri.

Mama aliporudi nilikwenda kwake nikamweleza yote, pamoja na yale ya kujisifu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Ulingoja siku ngapi?"

"Mbili."

Akainuka, akalitafuta furushi ambalo hata hakuwa amelifungua vizuri, na kesho yake tukapanda basi, tukavuka Makupa kuelekea Kaloleni.

Huko ndiko nilikojifunza kazi niliyojidai kuijua. Mama hakuanza na msichana. Alimpa mama wa msichana sukari na kanga, akauliza habari za mvua, za minazi, za waliokufa tangu alipofika mara ya mwisho. Kumbe alikuwa amefika kule mara nyingi, amemzika hata nyanya wa nyumba ile. Alikula. Alilala. Siku ya pili, wamekaa na yule baba wanamenya mihogo, mikono ina kazi, akasema polepole, "Kaka, nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Mzee alimenya muhogo wake wote kabla ya kujibu. "Dada, ungekuja mwezi uliopita tungezungumza. Wewe nakujua. Tembo lilikuwa limenywewa, lakini tembo hutapikwa. Watu huitana, husemezana, hurudishiana. Sasa nimesemwa mbele za Mungu, Mombasa nzima, kwamba nimemuuza mwanangu. Nikirudi nyuma leo, watasema ni kweli." Akachukua muhogo mwingine. "Na tena amekwisha kwenda. Tangu Jumamosi."

Mama aliinamisha kichwa. Kisha akachukua kisu chake, akamalizia mihogo iliyobaki.

Tuliruhusiwa kupita kumsalimu. Alikuwa nyuma ya nyumba ya mumewe akitwanga, amevaa kanga mpya. Mama alishika mchi wa pili bila kuuliza, wakatwanga pamoja, zamu kwa zamu, na nikaona wanasemezana kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia na sikustahili kuisikia. Mimi nilisimama kando. Sikuwa na mchi.

Wakati wa kuagana nilimsogelea. Nilikuwa na maneno niliyoyatunga njia nzima, yakanipotea yote. Nikapata haya tu: "Nakuombea kila siku."

Akapangusa mikono kwenye kanga. Hakukasirika, aliniambia taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Tafadhali, Dada. Usiniombee."