Kwale wa Fundi

Simwamini fundi huyu. Kioo cha lori langu kikiganda barafu kule mlimani Anzob, sioni hata barabara. Yeye dawa yake ni kopo la maziwa alilolivika bomba la moshi, na mpira wa kuleta joto ndani. Kila kiungo cha mpira anakinusa, anakunja uso. Pembeni kaning'iniza tundu la kwale wake, anayemlisha zabibu kavu mdomo kwa mdomo.

"Bomba likivuja, si nakufa kwa moshi?"

"Ndiyo maana tunajaribu, Kaka Safarbek."

Akatungua tundu. Nikajua tu: anamtoa ndege kafara, amfungie ndani ya lori aone kama moshi utamuua. Kumbe ananikabidhi mimi. Akawasha lori, akajifungia ndani peke yake, akapandisha vioo.

"Nikisinzia, vunja kioo," akasema kabla kioo hakijafika juu. "Na huyo asikose zabibu."