Capteur ya Inje kwenye Gari ya Arusi

Kuna watu wa Beu, kule Beni, ambao mpaka leo wakiniona wananiita Docteur, na mimi sijawahi kumchoma mtu sindano maishani, na kila wakiniita hivyo natamani kujificha nyuma ya mtu wa kwanza aliye mnene. Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wanaosimulia bila mimi wanaongeza chumvi (eti nilimlaza Komanda juu ya gari, si kweli, alijilaza mwenyewe, mimi nilimshikia shati tu).

Ilikuwa wakati wa vita, wakati ule ambapo ukitoka Butembo kwenda Beni ulijua saa ya kuondoka tu, ya kufika ulimwachia Mungu. Dada yangu mkubwa, Kavira, alikuwa anaolewa na kijana wa Beu. Padri wa Beni alikuwa ametuonya mapema: misa ikiisha tu yeye anaondoka kwenda Mangina kwa waumini wake, na kama bibi-arusi atakuwa hajafika, ndoa itangoja mpaka arudi, na siku zile hakuna aliyeweza kusema barabara ya Mangina itamrudisha lini. Kazi ilikuwa moja: kumfikisha Kavira kanisani kabla Padri hajaondoka. Na usukani nilipewa mimi.

Gari lilikuwa la Tonton Paluku, mdogo wa baba, mfanyabiashara wa vitambaa. Lilikuwa gari la Kijerumani alilolinunua Dubai, jeusi, linang'aa, na mbele ya dereva kulikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha joto la nje. Kioo kile kilionyesha −40, asubuhi −40, mchana −40, pamoja na alama ya theluji na kengele iliyolia kila ukiwasha. Kwetu Vulamba, pale Butembo, kuna baridi, nakubali, mama anavaa koti juu ya kitenge mpaka jua lipande, lakini si baridi ya namna ile. Tonton haikumsumbua hata kidogo. Aliwaita wageni waje waone. "Angalia," aliwaambia, "inapima mpaka baridi ya Ulaya."

Mtu mwingine angeendesha tu. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kumaliza graduat ya fizikia chuoni, sina kazi, na kichwa changu kikikosa kazi kinajitafutia. Nikawaza: gari likiamini kwamba nje kuna baridi ya kuua, litakataa kuwasha klima, ile mashine ya kupuliza ubaridi ndani, na kweli lilikataa. Bila klima, tukishuka kwenye joto la Beni na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, Kavira atatoka jasho, poda itashuka, wakwe watasema bibi-arusi analia, akilia maana yake amelazimishwa, amelazimishwa na nani, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshafika kwenye kesi ya kurudisha mbuzi za mahari. Basi siku moja kabla ya arusi nikaamua kutengeneza.

Nikaingia chini ya gari, nikaikuta nyuma ya bampa ile capteur inayopima joto la nje, kidude kidogo kama ncha ya kalamu, waya wake umekatika na mahali pake pa kushikia pamevunjika. Nikaunga waya mwingine, mrefu (nilikuwa na mrefu tu), nikaufunga vizuri na utepe mwekundu wa gundi. Sasa niitundike wapi? Chini mawe yangeipiga. Mashangazi walikuwa tayari wamepamba kapo, lile bati la kufunika injini, kwa maua ya plastiki, basi nikaipitisha juu nikaificha katikati ya maua. Nikawasha: 19. Klima ikapuliza. Nikamwita Tonton aje aone, akainama, akatazama kwa muda mrefu, akasema kwa huzuni, "Sasa inapima baridi ya hapa tu."

Kesho yake tukaondoka, gari letu mbele, nyuma yetu lori la wanakwaya na wamama. Mpaka Maboya kila kitu kilikuwa kizuri, Kavira amekaa nyuma na gauni lake kama wingu, anapulizwa. Mbele kidogo tukakuta barrière ya askari, mti umelazwa barabarani. Kwa kawaida arusi haisumbuliwi sana: wamama wanaimba, askari anapewa soda, mti unanyanyuliwa. Lakini askari wa siku ile alipenda maua. Alikuja mpaka kwenye kapo, akachagua ua moja, akalivuta, na ua likaja na waya mwekundu.

"Petit, oyo nini?"

Kulikuwa na majibu mengi rahisi. Ningeweza kusema ni taa. Mimi nikasema ukweli.

"Chef, ni capteur."

"Inakapte nini?"

"Inakapte inje."

Mnajua wenyewe kwetu kinachokapte, kinachonasa sauti, ni nini: ni redio, ni phonie, simu ya upepo ya jeshi. Na inje si nje ya gari tu, inje ni ng'ambo ya mupaka pia. Yule askari alirudi nyuma hatua moja.

"Inje wapi?"

"Popote gari inafika, chef."

"Na ile habari inapeleka kwa nani?"

"Kwa ordinateur," nikasema (na ni kweli, gari lina ordinateur, kompyuta ndogo, niliona ni vizuri awe na maelezo kamili).

Askari akamwita Komanda, akatoka kibandani mtu mkubwa, amevaa miwani ya jua na kandambili, viatu vyake vya jeshi vilikuwa vinakauka kwenye ukuta wa miti.

"Njo weye unakapte batu?"

"Hapana, Komanda, ni gari."

"Gari inakapte batu?"

Kavira akafungua kioo. "Komanda, utusamehe. Huyu ni mudogo wangu, masomo ilimuzidi. Padri anatungojea Beni, akienda Mangina miye njo nimerudi kwetu hivi."

"Inapima joto tu," nikasema haraka, "kama ile ya hôpital."

Neno hôpital sikupaswa kulitamka. Komanda alivua miwani, akafungua kifungo cha shati. "Basi pima miye. Kama ni bongo, kama unanidanganya, gari inabakia hapa, na bibi-arusi atembee na miguu."

Waya haukumfikia pale aliposimama, ikabidi ainame, haukutosha, akalala juu ya kapo na kukumbatia maua, nami nikaiweka capteur katika kwapa lake. Ndani ya gari Kavira alisoma namba kwa sauti: "Makumi mbili na ine. Makumi mbili na saba." Zilipanda polepole kama mzee anayepanda mlima wa Butembo. Wamama wakashuka kwenye lori.

"Alikufa?" mmoja akauliza.

"Hapana, banamupima."

Namba ikasimama kwenye 34.

"Ni muzuri?" Komanda akauliza, shavu limelala kwenye ua la plastiki.

Hapa, ndugu zangu, ningeweza kusema ndiyo. Mti ungenyanyuliwa, tungekwenda. Lakini nikaona si haki kumdanganya mgonjwa. "Ni muzuri kidogo, Komanda. Mutu muzima anakuwaka na makumi tatu na saba." Nilikuwa nataka kumweleza mambo ya upepo na shati lililo wazi, lakini alishaamka kwa kishindo, waya ukakatika, kengele ikalia, na dada yangu, ambaye aliambiwa asome, akasoma ile −40 ya zamani: "Moins quarante."

Komanda akaja dirishani aone mwenyewe.

"Na hii kanyota?"

"Ni theluji, Komanda."

"Ndani yangu?"

Akakaa kiti cha mbele bila kuuliza, twende naye Beni akatibiwe. Alisema tangu juzi anasikia baridi mgongoni, alidhani ni mvua, kumbe. Mama mmoja alimpa kitenge akajifunika mpaka kidevuni. Nikajaribu kusema ni waya, akaniambia, "Weye endesha, usinifiche ugonjwa wangu." Klima ilikuwa imekufa tena, madirisha yamefungwa kwa amri ya mgonjwa, Kavira nyuma anajipepea na kitabu cha nyimbo, hasemi kitu, na dada yangu asiposema kitu ujue unayo kesi. Jambo moja tu lilikuwa zuri: hakuna barrière iliyotusimamisha. Walimwona Komanda, wakapiga saluti, mti ukapanda.

Tukafika kanisani Padri yuko kwenye ngazi na mkoba wake mkononi. Kwaya ya Beni ikaona gari la maua, ikaanzisha wimbo wa kumpokea bibi-arusi, ngoma, vigelegele, bwana-arusi akanyoosha mikono, mlango wa mbele ukafunguka, akatoka Komanda, amejifunga kitenge, kandambili miguuni, ua la plastiki limeganda kwenye nywele. Bibi mmoja wa familia yao alikatiza kigelegele katikati.

Baba-mkwe akaniangalia. "Kijana, huyu ni nani?"

Nikashuka na funguo mkononi.

"Ni mugonjwa wangu," nikasema.

Padri aliweka mkoba chini kwa sababu alishindwa kuushika. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kisha akajifuta macho, akasema, "Muingie haraka, Mangina itaningojea kidogo." Muuguzi mmoja wa kwaya alimpima Komanda kwa kipimo cha kweli pale mlangoni, akamwambia ni mzima kuliko wote waliokuja, naye alifurahi kiasi kwamba alikaa misa nzima ya arusi kiti cha mbele, akala karamuni, akaomba neno, akanishukuru mbele ya wakwe kwa kumponyesha.

Dada yangu aliolewa. Mimi alinisemesha tena baada ya kujifungua mtoto wa kwanza. Na niliapa, sitavunja: mtu mwenye bunduki akiniuliza kama ni muzuri, ni muzuri sana, na mambo ya fizikia nitayaeleza kwa wengine tukishavuka barrière.