Kamera ya Ammu na Leso ya Mama

Nilibandika unga wa chapati kwenye kamera ya jirani. Ndiyo, unga mbichi, uliokandwa na mama kwa mikono yake, donge la ukubwa wa ngumi, pwaa! kwenye jicho la kamera. Na kwa sababu mimi ni mwerevu, nilijitanda leso ya mama kuanzia kichwani nisijulikane. Na kwa sababu mimi ni mwerevu kupindukia, kabla ya kubandika nilikata kiuno kidogo mbele ya hiyo kamera.

Jengo letu la Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, lina watu wa kila taifa, lakini mwenye leso ni mmoja tu. Hilo nililikumbuka baadaye.

Msinihukumu upesi. Mama ni nesi, na Ijumaa zake za mapumziko nyumba yetu ilikuwa ya madada wa kwetu Kenya wanaofanya kazi kwenye majumba ya watu, Abu Hamour na kwingineko. Walikuja kula ugali na sukuma, kusukwa nywele, na kutoa kelele zote walizozimeza wiki nzima. Mimi na baba tulifungiwa chumba cha nyuma kama mbuzi, maana baadhi yao ni Waislamu na sebuleni hijabu zilikuwa zimevuliwa. Kulikuwa na dada mmoja hasa, mtu wa Mombasa, ambaye akikaa tu katikati ya magoti ya mama na kuanza kumwigiza bosi wake, hata sisi wafungwa tulicheka hadi tukashika mbavu.

Shida ilikuwa viatu. Watu huvua mlangoni, na Ijumaa lile rundo lilitambaa kwenye korido hadi mlango unaotazamana na wetu, kwa Ammu. Ammu ndivyo tunavyomwita mtu mzima hapa, na huyu alikuwa baba mmoja wa Kisudani, mpole, wa salamu ndefu. Siku moja makubadhi yake ya ngozi yakapotea. Haikupita wiki, kamera ikachipuka juu ya mlango wake, ikilinda viatu. Ila kamera haijui kutazama viatu peke yake. Kila mlango wetu ulipofunguliwa, ilimeza sebule yetu nzima.

Dada wa Mombasa aliiona akiwa bado hajaingia.

"Mama, mimi leo narudi."

"Urudi wapi na chapati ziko mezani?"

"Nitavuaje hijabu nikijua niko kwenye simu ya mwanamume? Hapana, mama. Utanisamehe."

Akaenda zake. Ijumaa iliyofuata hakuja, na wenzake wawili wakamfuata kwa kutokuja. Mama akasonga ugali wa kulisha kijiji, akala na wachache waliobaki. Yule dada hakuwa na mlango mwingine wa kubisha Doha nzima, na mama alilijua hilo kuliko sisi.

"Fungeni mlango tu," baba akashauri.

"Waingilie dirishani? Tuko ghorofa ya nne. Nenda ukaongee na mwenzako!"

Baba ni askari wa hoteli kule The Pearl, kazi yake ni kukodolea kamera kutwa. Lakini hapa alikwama. "Nimwambie nini? Kwamba kwangu wanawake wanaonekana vichwa wazi? Si ndiyo nitakuwa nimemtuma akaangalie?"

Basi wazee wakanyamaza kwa adabu. Mimi adabu sina, nikachukua unga.

Ammu naye ana adabu. Hakuja kumgombeza mke wa mtu. Alimtumia baba video. Jioni hiyo baba alifika nyumbani, akakaa, akamtazama mama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Mama watoto, una jambo la kuniambia?"

"Jambo gani?"

Akambonyezea simu. Mama akajiona anakata kiuno koridoni, anapiga unga kamerani, anatoroka. Akairudia. Mimi nilikuwa nasoma kitabu kwa bidii ambayo walimu wangu hawajawahi kuiona.

"Leso ni yangu," mama akasema polepole. "Unga ni wangu. Lakini tangu lini mimi nikavaa raba za mpira?"

Wote wawili wakanigeukia.

Sikio langu ndilo lililotangulia kwa jirani, mama akilivuta. Mama hakumwulizia Ammu, alimwulizia mkewe. Kiarabu cha mama ni cha hospitali. Anajua kuuliza unaumwa wapi na kukuamuru uvute pumzi. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, nikatafsiri mashtaka yangu mwenyewe.

"Anasema mtoto wake alipitiwa kidogo," nikamwambia mke wa Ammu kwa Kiarabu kitamu.

"Sikusema kidogo!" mama akafoka kwa Kiswahili. "Sema mjinga. Nalijua hilo neno, wagonjwa huitana hivyo kila siku."

Nikasema mjinga. Yule mama akaficha tabasamu kwa ncha ya toub, ile nguo ndefu ya Kisudani. Ndipo mama akaniambia nitafsiri lile lililowashinda wanaume: mlango wetu ukifunguliwa, kamera inaona wanawake bila hijabu. Nikalitoa bila mzaha hata chembe, maana nilimwona mama anavyoishika mikono yake.

Mke wa Ammu hakutabasamu tena. Akaita ndani. Sikushika yote aliyomwambia mumewe, alikuwa anaongea mbio, lakini Ammu alitoka bila hata kofia, anasema astaghfirullah kwa kila hatua, kabeba stuli. Yeye alikuwa anatazama viatu tu, wallahi viatu tu. Akaigeuza kamera hadi ikakodolea mkeka wake wa mlangoni na kipande cha ukuta. Mama akaahidi viatu vya wageni vitaingia ndani.

Ijumaa iliyofuata, baada ya mama kumpigia simu, dada wa Mombasa alisimama koridoni, akaukagua ule ukuta, akavua ndala, akaingia nazo. Nyuma yake akaingia mke wa Ammu na chanuo mkononi. Hawakuwa na lugha moja, wakacheka vilevile.

Mimi nilifungiwa nyuma kama kawaida. Wageni walipokwisha kuondoka, mama alifungua mlango, akaegemea fremu.

"Mungu amekusamehe," akasema. "Jirani amekusamehe. Mimi bado nafikiria. Toa takataka."